Wino Mweusi Si Upungufu

Miaka kadhaa iliyopita, katika baraza moja la waandishi, nilitoa mkobani jarida lililochakaa nikaliweka juu ya meza baina ya vikombe. Msomi mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima ya umri wake na ya kahawa tuliyokunywa pamoja, alilinyanyua kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anyanyuaye samaki aliyeoza, akaniuliza: "Na haya nayo, sheikh wangu, ni mambo ya watu wazima?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwani si adabu kugombana barazani. Lakini swali lile sikulisahau, na jibu lake limenikaa kooni hadi leo. Nalitoa hapa, na msomaji atanisamehe likiwa refu, kwa sababu kila nilipojaribu kumjibu msomi yule niligundua kwamba nina ugomvi wa pili, tena mkubwa zaidi, na hao waliolichapa jarida lenyewe. Na nyuma ya ugomvi huo upo wa tatu, ambao ni baina yangu na nafsi yangu.

Jarida hilo laitwa *Doctor Who Classic Comics*. Lilichapishwa Uingereza na kampuni ya Marvel UK kuanzia 1992 hadi 1994, likatoka matoleo 27, kisha likakoma. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchapa upya hadithi za katuni za zamani zilizotokana na mchezo wa televisheni wa *Doctor Who*, hadithi ya kubuni ya kisayansi iliyoanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika wake mkuu ni mzee asafiriye katika zama na nyota kwa chombo ambacho kwa nje chafanana na kibanda cha simu cha polisi. Mchezo ule ulipopendwa, wachapaji wa majarida ya watoto waliukimbilia. *TV Comic* lilianza kuuchora Novemba 1964. Januari 1965 likazuka *TV Century 21*, ambalo jalada lake la nyuma lilipewa maadui wakubwa wa mchezo huo, Madaleki, viumbe wakaao ndani ya madebe ya chuma. Baadaye likaja *Countdown* mwaka 1971, likabadilika kuwa *TV Action*, likafa mwaka 1973, na katuni zikarudi *TV Comic*. Haya yote yalikuwa magazeti ya senti chache, yaliyosomwa Jumamosi na kutupwa Jumatatu. Ndiyo yaliyokusanywa upya na jarida lile nililoliweka mezani.

Basi nianze na msomi wangu.

Yeye ashikilia kwamba kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa haraka, kwa malipo madogo na juu ya karatasi mbaya, hakistahiki kuhifadhiwa, seuze kuchapwa mara ya pili. Hoja hii ina sura ya hekima, na kwa bahati mbaya imewahi kutekelezwa. Waliotekeleza hawakuwa wajinga. Walikuwa ni BBC wenyewe, shirika lenye maktaba, wahandisi na fedha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 1978 walifuta kanda za mchezo huu ili kanda hizo zitumike tena, kwa kuwa kanda ilikuwa ghali na mchezo ulikwisha kuonyeshwa. Nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo nazo nyingi ziliteketezwa haki za kuuza zilipokwisha. Hadi leo vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 havionekani. Sauti zake zipo, kwa sababu watoto wa wakati ule waliweka vinasa sauti mbele ya televisheni nyumbani kwao. Tafakari, msomaji: shirika lilipoteza, mtoto akahifadhi.

Na baadhi ya vile vilivyopotea vilipatikana wapi? Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vimepatikana Jos, nchini Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo, vikiwa rafuni na vumbi lake. Kwa hivyo hadithi mbili za mwaka 1967 na 1968 zilirudi kwao, moja ikiwa kamili na nyingine ikiwa kasoro kipindi kimoja. Waingereza waliofuta walikuja kuokolewa na rafu ya Mwafrika ambaye hakufuta. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa fahari ya bara zima, kwani huenda rafu ile ilisahauliwa tu. Lakini kusahau huko kulikuwa na manufaa kuliko uamuzi wa wale waliojua thamani ya kila kanda kwa hesabu ya pauni.

Hali kadhalika katuni. Michoro ya asili, iliyochorwa juu ya makaratasi magumu, sehemu kubwa ilipotea au ilitawanyika. Kilichobaki ni magazeti yenyewe, yaliyowekwa darini na watu ambao bila shaka walichekwa na wake zao kama nilivyochekwa mimi barazani. Kutokana na mabunda hayo ndipo jarida la 1992 likawezekana. Msomi wangu aulizaye kama haya ni mambo ya watu wazima, na ajue kwamba watu wazima ndio waliofuta.

Tena, asidhani kwamba kilichookolewa ni takataka. Nimezisoma katuni hizi kwa miaka mingi na naweza kusema kilichomo. Ndani ya *TV Comic*, mwanzoni, yule mzee hasafiri na wale wenzake wa televisheni. Husafiri na wajukuu wawili, John na Gillian, ambao kwenye televisheni hawakuwahi kuwapo. Wachoraji hawakuwa na ruhusa ya kuwatumia Madaleki mwanzoni, kwa kuwa haki yao ilikuwa mikononi mwa wengine, basi wakabuni roboti wao, Watrodi, wakawa maadui wa kila mara. Mwaka 1967 ruhusa ikapatikana, na katika hadithi ya kwanza kabisa Madaleki wakaja wakawaangamiza Watrodi wote. Mikataba ya wanasheria iligeuzwa vita vya sayari, na watoto wakavisoma bila kujua kwamba wasoma mikataba. Mwaka 1969, mwigizaji wa pili wa mchezo alipokuwa ameondoka na wa tatu hajaonekana bado, katuni zilibaki peke yake kwa miezi kadhaa. Zikamleta mzee yule duniani, zikamfanya mtu mashuhuri wa mjini, hatimaye zikamkabidhi kwa vinyago vya kutishia ndege vilivyotembea usiku mashambani, navyo vikamlazimisha abadilike sura. Televisheni haikuonyesha jambo hilo kamwe. Mchoraji aliiona pengo akaliziba kwa wino.

Nami, niliyejifunza kutunga bila ya mwalimu, natambua kazi ya aina hiyo ninapoiona. Mtu amepewa kurasa mbili, siku chache na masharti yasiyo na huruma, akaambiwa atoe kisa chenye mwanzo na chenye kumfanya msomaji arudi wiki ijayo. Mtunzi wa shairi naye amepewa mizani kumi na sita na vina viwili. Atakayesema kwamba masharti huua sanaa, basi na alifute shairi la arudhi kwanza ndipo aje kwenye katuni.

Hayo yanatosha kwa msomi. Sasa nageukia jarida.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alipostaafu alirejea na sanduku la mbao, na ndani yake, chini ya nguo, zilitandikwa kurasa za majarida ya Kiingereza ili kuzuia unyevu. Hizo ndizo zilizokuwa kitabu changu cha kwanza cha Kiingereza. Mojawapo ilikuwa ukurasa wa *TV Comic* wenye mzee yule akiwa pangoni. Ulikuwa wa wino mweusi mtupu. Pango lilikuwa jeusi kabisa, na mwangaza wa tochi ulikuwa ni ile sehemu ya karatasi ambayo mchoraji hakuigusa. Niliuangalia mpaka nikaukariri. Giza lile nililijua kama nijuavyo giza la nyumba yetu taa inapozimika.

Katika miaka ya 1990 binamu yangu aliyehamia Uingereza akaniletea matoleo kadhaa ya *Classic Comics*. Katika moja nikalikuta pango langu. Lilikuwa la zambarau. Mzee alikuwa na mashavu ya waridi, tochi ilitoa njano, na ile mistari midogo midogo iliyokatizana, ambayo mchoraji aliichora ili iwe kivuli, ilikuwa ingalipo chini ya zambarau, haina kazi tena, kama mtumishi aliyeajiriwa mwenziwe juu yake. Kwa kuwa katuni nyingi za zamani zilikuwa za wino mweusi, wachapaji walizitia rangi kadhaa ili jarida lao lipendeze.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba rangi ni dhambi. Madaleki wa *TV Century 21* walichorwa kwa rangi tangu siku ya kwanza. Kurasa 104, moja kila wiki kwa miaka miwili, za Richard Jennings, Eric Eden na Ron Turner, zina mfalme wa dhahabu mwenye kichwa kikubwa cha duara na mbingu ambazo sijaziona pengine. Na ikumbukwe kwamba wakati ule televisheni ya Uingereza ilikuwa nyeusi na nyeupe, na mchezo wenyewe haukupata rangi hadi Januari 1970. Kwa mtoto wa 1965, karatasi ndiyo iliyokuwa na rangi na kioo ndicho kilichokuwa kijivu. Waliochora kwa rangi walipanga rangi. Hawakuchora vivuli vya mistari pale ambapo buluu ingefanya kazi. Waliochora kwa wino walipanga wino. Kila mmoja alifika mwisho wa kazi yake akainua mkono, akasema imekwisha. Anayekuja miaka 25 baadaye na brashi huwa asema: la, hukumaliza. Na mchoraji, aghalabu, hayupo wa kujibu. Hata jina lake wakati ule halikuandikwa chini ya ukurasa.

Najua utetezi wao, na sitaupuuza, kwa kuwa ni utetezi wa watu waliopenda walichokifanya. Wasema: jarida lazima liuzwe, na kijana wa 1992 hanunui kurasa za kijivu, bila rangi lisingekuwapo jarida, na bila jarida ungebaki na ukurasa wako mmoja wa sandukuni. Wasema pia kwamba wao, tofauti na wengine, waliweka makala za kueleza katuni hizi zilitoka wapi. Hayo ni kweli, na nawashukuru. Wasema tena kwamba walitenda vyema kuliko waliowatangulia, na hapo pia wana haki. Kwani mwishoni mwa miaka ya 1970 *TV Comic* lenyewe lilianza kuzirudia hadithi zake za zamani, na kwa kuwa mzee wa wakati huo alikuwa mwingine, mwenye nywele za kusokotana na skafu ndefu, walichora kichwa chake juu ya kiwiliwili cha mtangulizi wake. Kichwa cha huyu, vitendo vya yule. Ukilinganisha na unyama huo, kutia rangi ni upole.

Lakini upole huo na unyama huo wazaliwa na mama mmoja, naye ni aibu. Mchapaji aionea haya kazi ya kale. Aona kwamba jinsi ilivyo haiwezi kusimama mbele ya wageni, basi ama aivishe kichwa kipya ama aipake poda. Na hapa ndipo wachapaji wangu wapenzi wanapokutana na msomi wa barazani, ingawa wao wenyewe wasingependa kukaa naye meza moja. Yeye asema kitu hiki ni duni, kitupwe. Wao wasema kitu hiki ni duni, kirembwe. Hakuna hata mmoja aliyesema: kitu hiki ni hiki.

Kuhusu soko, jibu langu ni fupi. Mwaka 2020 kurasa za Madaleki zilikusanywa katika chapisho moja, na kazi iliyofanywa ilikuwa ni kuzisafisha zirudi zilivyokuwa. Walipatikana wanunuzi. Na BBC nao, katika Novemba 2023, waliitia rangi hadithi ya kwanza ya Madaleki, wakavikata vipindi saba vikawa mchezo mmoja wa dakika 75. Mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo kwa hadithi ndefu ya vipindi kumi. Wengi walikasirika, na mimi sikukasirika sana. Kwa nini? Kwa sababu filamu ya asili ipo, inaonekana, yeyote aweza kuiweka karibu na ile ya rangi akalinganisha. Hiyo yaweza kuitwa tafsiri, na mimi ni mfasiri. Siwezi kuichukia kazi iniliishayo. Tafsiri ina haki ya kuwapo madamu matini haijauawa. Walakini msomaji wa *Classic Comics* hakuwa na cha kulinganishia. Magazeti ya 1966 yalikuwa darini mwa watu wachache. Kwa msomaji huyo zambarau haikuwa tafsiri ya pango. Zambarau ndiyo iliyokuwa pango.

Nimesema nina ugomvi wa tatu. Huu ningependa kuuficha, lakini mtu hawezi kuwarushia wenziwe mawe kisha akafunga mlango.

Nilipokuwa kijana wa miaka 20 na kitu, bibi mmoja wa mtaani kwetu alinipa daftari lake la tenzi, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kwa mkono wake mwenyewe, niziandike kwa hati za Kirumi ili zisomeke. Nilikuwa nimejaa vitabu, na kila mtu aliyejifunza peke yake hupitia ugonjwa wa kutaka kuonekana kwamba amesomeshwa. Bibi aliandika *mato*. Nikaandika *macho*, ili wasomaji wa leo wafahamu. Kina kikavunjika, kwa kuwa kilikuwa cha *to*. Badala ya kurudi nyuma nikaenda mbele: nikabadilisha na vina vya mistari iliyotangulia ili vilingane na kosa langu. Kufikia mwisho, beti nyingi hazikuwa zake tena. Zilikuwa safi, sanifu, na zina mashavu ya waridi. Nikampelekea. Alizisikiliza nikimsomea, akanyamaza kidogo, akasema: "Zimependeza, mwanangu. Za nani hizi?"

Nilidhani anatania.

Daftari nililirudisha kwake, hilo angalau nililifanya. Bibi alifariki, nyumba ikavuja masika moja, na daftari likaenda na maji pamoja na vitu vingine. Kilichobaki duniani cha bibi yule ni nakala yangu. Nimejaribu mara nyingi kurudi kinyumenyume kutoka *macho* hadi *mato* na kusikia alichokuwa anasema. Beti chache hukubali. Nyingi zimefungwa, na ufunguo niliutupa mimi.

Kwa hivyo ninapowaambia wachapaji wa Uingereza kwamba wasitie rangi kazi ya mtu asiyeweza kujibu, sisemi kutoka mimbarini. Najua mkono unavyokwenda wenyewe. Najua kwamba mwenye kuharibu hajioni akiharibu, hujiona akihudumia. Na najua hasara haionekani siku ile, siku ile kazi hupendeza na watu hukusifu. Huonekana siku ambapo mtu anataka kurudi kwenye asili na njia haipo.

Basi madai yangu ni madogo. Mwenye kuchapa upya kazi ya kale, iwe utenzi wa bibi au katuni ya Jumamosi, na achape kwanza jinsi ilivyo. Akitaka kuirembesha baada ya hapo, na aseme wazi alichokigusa, ukurasa kwa ukurasa, na aiweke asili mahali ambapo msomaji aweza kuifikia. Na asiyeweza kuyafanya hayo mawili, basi na aiache darini. Dari imehifadhi vingi kuliko brashi. Na rafu ya Jos ilitunza kwa kutoguswa.

Na wewe msomi wangu wa barazani, uliyenyanyua jarida kwa vidole viwili: ndiyo, sheikh, ni mambo ya watu wazima. Mtoto hahitaji kufundishwa jambo hili. Mimi nilipokuwa mtoto niliupenda ukurasa mweusi kama ulivyo, sikuuona umepungukiwa na kitu. Nilipokua na kuelimika ndipo nilipojifunza kuona haya, nikaharibu daftari la watu. Ukurasa ule wa sandukuni ninao hadi leo. Sijautia hata alama ya kalamu.